Neno "quite" na vipimo vyake viwili

Chukua barua ya kumpendekeza mtu kazini. Aliyeiandika ni bosi wake wa zamani, kaiandika kwa Kiingereza, na katikati yake kuna sentensi hii: "She is quite capable." Msomaji wa kwanza anaielewa hivi: huyu dada ni hodari hasa, mchukueni. Msomaji wa pili anasoma maneno yaleyale na kusikia jambo jingine: anajiweza, si haba, ila msitegemee makubwa. Wote wawili wanakijua Kiingereza barabara na hakuna aliyekosea kusoma. Kilichowatenganisha ni kielezi kimoja cha herufi 5, na kielezi hicho kinaweza kumpatia mtu kazi au kumkosesha.

Vielezi vya kutia mkazo katika Kiingereza ni vingi, na vingi vyao havina matata. "Very" hupandisha. "Extremely" hupandisha zaidi. "Really" hupandisha na kuapa papo hapo. Tunaweza kulalamika kwamba watu wanavitumia ovyo mpaka vimechuja, lakini hakuna anayekesha akijiuliza kama "very good" ni sifa au ni lawama iliyovalishwa nguo za adabu. Kwa "quite" swali hilo ni la haki kabisa. Kamusi ya lugha mbili kwa kawaida huliwekea maana mbili zilizopangwa bega kwa bega, "kabisa" na "kiasi", kisha inakwenda zake, kana kwamba msomaji atapiga kura. Mwanafunzi aliyeachwa hapo ana haki ya kukasirika. Kabisa na kiasi si maana zinazokaribiana. Mtu aliyeshiba kabisa na mtu aliyeshiba kiasi hawako katika hali moja.

Nasema neno hili halibahatishi. Lina kazi moja tu tangu zamani, nayo ni kutangaza kwamba kipimo kimefikiwa. Kinachobadilika ni kipimo chenyewe. Kipimo hicho hakimo ndani ya "quite". Kinatoka kwenye neno linalolifuata, kwenye sauti ya msemaji, na kwenye upande wa bahari ya Atlantiki alikokulia.

Tuanze na neno linalofuata, maana ndipo penye mambo mengi. Mwaka 1985 Randolph Quirk, Sidney Greenbaum, Geoffrey Leech na Jan Svartvik walichapisha sarufi ya Kiingereza yenye kurasa zaidi ya 1,700, ambayo mpaka leo wanaisimu hawaipiti bila kuifungua. Humo vielezi vya kiasi vimegawanywa katika makundi mawili makubwa, vinavyopandisha na vinavyoshusha, na kila kundi lina matawi yake. "Quite" limo katika makundi yote mawili. Kule juu limekaa na "completely" na "absolutely", maneno yanayofikisha sifa kwenye kilele. Kule chini limekaa na "rather", maneno yanayoipa sifa kwa mkono mmoja na kuipunguza kwa mkono wa pili. Sarufi hiyo haikuona haya kuliweka mara mbili, kwa sababu hivyo ndivyo lilivyo.

Sasa angalia linakaa juu lini, na chini lini. Kuna vivumishi vyenye mwisho. "Dead", aliyekufa: mtu amekufa au hajafa. "Empty", tupu. "Impossible", isiyowezekana. "Wrong", kosa. "Finished", iliyokwisha. Sifa hizi zina mpaka, na ukishaufikia huna pa kwenda tena. Ukiziwekea "quite" mbele, kipimo kinachofikiwa ni mpaka wenyewe, kwa hiyo "quite impossible" ni jambo lisilowezekana kabisa na "quite wrong" ni kosa tupu. Hapa Mwingereza na Mmarekani hawana ugomvi, wala sauti haina la kubadilisha.

Upande wa pili kuna vivumishi vya ngazi: "good", "tall", "tired", "interesting". Uzuri hauna mwisho, urefu hauna mwisho. Siku zote kuna ngazi nyingine juu ya ile uliyosimama. Ukisema "quite tired", umesema kipimo kimefikiwa, lakini kipimo kipi, ikiwa hakuna mpaka? Msikilizaji inambidi akikadirie. Mmoja atakadiria kwamba uchovu umefikia kiwango kikubwa. Mwingine atakadiria kwamba uchovu umefikia kiwango cha kustahili kuitwa uchovu, basi, haukuzidi hapo. Makadirio yote mawili yanatoka kwenye kazi ileile moja ya neno, ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Kiingereza kina "quite" mbili zilizofanana kwa ajali.

Kuna na kundi la tatu, la sifa ambazo zimeshafika kileleni zenyewe kabla hujaziongezea lolote. "Exhausted" ni mtu aliyeishiwa nguvu, "brilliant" ni kitu kinachong'aa kwa ubora, "extraordinary" ni jambo la ajabu. Kwa kuwa kilele kimo ndani ya neno, "quite" hulisindikiza tu hadi kilele hicho. Linganisha sentensi mbili, "I am quite tired" na "I am quite exhausted". Kwa Mwingereza, ya kwanza ni ya mtu ambaye bado anaweza kuoga na kupiga soga kidogo kabla ya kulala. Ya pili ni ya mtu anayetafuta kitanda. Kielezi ni kilekile na msemaji ni yuleyule, na kivumishi peke yake kimelihamisha neno kutoka chini hadi juu.

Kwa mwanafunzi ninalo jaribio moja ambalo mara nyingi halimwangushi mtu. Kabla ya kuamua maana ya "quite", liondoe na ujaribu kuweka "very" mahali pake, kisha "absolutely". Kama "absolutely" inakaa vizuri na "very" inagoma, kama ilivyo kwa "impossible", basi "quite" ni "kabisa". Kama "very" inakaa vizuri na "absolutely" inagoma, kama ilivyo kwa "tall", uko kwenye ngazi, na unahitaji kumjua msemaji.

Jaribio hilo lina visumbufu vyake, na ni vya kupendeza. "Different" inakubali "very" bila shida, kwa hiyo ungetegemea "quite different" iwe "tofauti kiasi". Sivyo. Mara nyingi sana ni "tofauti kabisa", kitu kingine. "Quite sure" ni uhakika mtupu, ingawa "very sure" nayo hutamkwa. "Quite clear" inayotoka kinywani mwa mtu mwenye mamlaka, kama "Let me be quite clear", haina hata chembe ya kiasi. Nadhani sababu ni kwamba sifa hizi zina sura mbili. Uhakika unaweza kupandishwa ngazi kwa ngazi, lakini pia una mwisho wake, pale shaka ya mwisho inapoondoka. Tofauti inaweza kuwa ndogo au kubwa, lakini pia kuna mahali ambapo vitu viwili vinaacha kuwa kitu kimoja. "Quite", likipewa nafasi ya kuchagua kati ya ngazi na mpaka, hukimbilia mpaka. Tabia hiyo inatuambia mengi kuhusu asili yake.

Asili yake ni deni. Neno limetoka Kilatini, "quietus", aliyetulia, na katika Kilatini cha zama za kati likatumika kwa mtu aliyetua mzigo wa deni au wajibu. Likapita katika Kifaransa cha kale, likaingia Kiingereza likiwa na maana ya "huru, hadaiwi kitu". Ndugu zake bado wanatembea na alama ya ukoo: "quit", kuacha, "acquit", kumwachia mshtakiwa, "quiet", kimya. Mtu aliyelipa deni lote ndiye aliyekuwa "quite". Aliyelipa nusu hakuwa. Kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye kielezi chenye maana ya "kwa ukamilifu, bila salio", na maana hiyo ndiyo iliyotawala kwa karne kadhaa.

Ushahidi uko katika maandishi ambayo hata asiye mwanaisimu anaweza kuyafungua. Biblia ya Kiingereza ya mfalme James, iliyochapishwa mwaka 1611, ina Raheli na Lea wakimlalamikia baba yao katika Mwanzo sura ya 31, kwamba "hath quite devoured also our money". Wanawake wale hawasemi kwamba baba amekula fedha kiasi. Wanasema amezimaliza. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 3, Yoabu anamgombeza mfalme Daudi kwa kumwacha adui aende zake hata "he is quite gone", ameondoka na hapatikani. Miaka michache kabla ya hapo, katika mchezo wa Hamlet, Shakespeare alimfanya Ophelia aomboleze akili ya mpenzi wake iliyoharibika kwa maneno "quite, quite down", akilirudia neno mara mbili kama mtu anayepigilia msumari. Mchezo huohuo una "quietus" yenyewe, Hamlet anapowaza mtu anavyoweza kujifutia deni la maisha kwa kisu. Msomaji wa leo akiingiza maana ya "kiasi" katika mistari hiyo anaubomoa msiba mzima.

Maana dhaifu, ile ya "kiasi, si haba", ilishika mizizi baadaye sana, katika karne ya 19. Kwa nini neno lililomaanisha ukamilifu lichakae hivyo? Kwa sababu watu hutia chumvi. Aliyefurahi kidogo husema amefurahi kabisa, na wasikilizaji, ambao si wajinga, hujifunza kupunguza. Baada ya vizazi kadhaa punguzo linaingia ndani ya neno lenyewe. Kiingereza kimejaa maneno yaliyopita njia hiyo. Katika Biblia ileile ya 1611, Yesu anapoulaani mtini, Mathayo 21 inasema "presently" ukanyauka, yaani papo hapo. Binti wa Herodia katika Marko 6 anataka kichwa cha Yohana "by and by", yaani sasa hivi, kabla mfalme hajabadili mawazo. Leo "by and by" ni baadaye, huko mbele, na "presently" ya Mwingereza ni punde, baada ya kitambo. Watu waliahidi "sasa hivi" na wakachelewa, mpaka neno likakubali kuchelewa pamoja nao. Uongo mdogo wa kila siku, ukirudiwa na wengi, huhamisha maana.

Hapo ndipo bahari inapoingia. Nikiitazama safari ya "quite" kama mteremko wa hatua tatu, kutoka "kabisa" hadi "sana" hadi "kiasi", naona Mmarekani, kwa vivumishi vya ngazi, amesimama hatua ya pili na Mwingereza ameshuka hadi ya tatu. Mmarekani akikwambia chakula ni "quite good", anakusifia mpishi. Maana yake inakaribia "very good". Mwingereza akisema hivyohivyo, na asipotia sauti yoyote ya pekee, amesema chakula kinalika. Si tusi. Lakini mpishi Mwingereza atakayesikia "quite good" hataenda kumsimulia mama yake.

Wapo wanaoona hapa unafiki wa Waingereza, eti wanasifu kwa mdomo na kudharau moyoni. Hukumu hiyo siikubali hata kidogo. Unafiki ni kusema jambo ukitaka msikilizaji aamini lisilo kweli. Mwingereza anayesema "quite good" mbele ya Mwingereza mwenzake haamini kwamba atamdanganya. Wote wawili wanajua kipimo. Wapo pia upande wa pili wanaosema Mmarekani ameliharibu neno. Hao nao wamekosa, tena zaidi, kwa sababu kwa kipimo cha historia Mmarekani ndiye aliyebaki karibu na maana kongwe.

Gharama hutokea pale vipimo viwili vinapokutana bila kujuana. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Vita vya Korea, Aprili 1951, ambako neno lililoponza halikuwa "quite" bali jamaa yake wa karibu, "a bit". Wanajeshi wa Uingereza walikuwa wakishikilia mstari kando ya mto Imjin huku majeshi ya China yakiwafurikia. Inasimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie, alipoulizwa hali na mkuu wake Mmarekani, Jenerali Robert Soule, alijibu kuwa mambo ni "a bit sticky", yamekwama kidogo. Kwa sikio la Mwingereza hicho kilikuwa kilio. Kwa sikio la Mmarekani kilikuwa taarifa ya watu wanaohangaika lakini wanamudu. Batalioni ya Gloucestershire ilizingirwa juu ya kilima na mamia ya askari wake wakachukuliwa mateka. Kushindwa kule kulikuwa na sababu nyingi za kivita na sitaki kulitwisha neno moja mzigo wa vita. Hata hivyo kisa hiki kinakumbukwa na majeshi yote mawili kwa sababu kila aliyewahi kufanya kazi na watu wa pande hizo amepatwa na toleo lake dogo la jambo hilo, katika barua pepe, kwenye tathmini ya kazi, au kwenye maoni ya mhariri.

Chukua hayo maoni ya mhariri tuyatazame kwa karibu. Mwandishi ametuma mswada wake, anajibiwa: "I quite liked the first chapter, and I quite see why you ended it there." Sentensi moja, "quite" mbili. Ya kwanza iko mbele ya "like", kupenda, na kupenda hakuna mpaka, ni ngazi. Mhariri Mwingereza anasema sura ya kwanza ameipenda, si sana. Ya pili iko mbele ya "see", kwa maana ya kuelewa, na kuelewa kuna mwisho: ama umeona sababu ama hujaiona. Hapo anasema amekuelewa kabisa. Vitenzi, kumbe, vinafuata kanuni ileile ya vivumishi. "I quite agree" ni kukubaliana moja kwa moja. "I quite forgot" ni kusahau hadi kusiwe na kumbukumbu iliyobaki. "I quite enjoyed it" ni kufurahia kwa kipimo. Kwangu huu ndio uthibitisho mkubwa kwamba neno lina kazi moja. Kama zingekuwa "quite" mbili zisizojuana, kusingekuwa na sababu ya mpaka na ngazi kuamua mambo hata kwenye vitenzi.

Sauti nayo ina nguvu ambazo maandishi hayana. Katika Kiingereza cha Uingereza, ukiweka mkazo juu ya "good" katika "quite good", umesifu. Sauti imepanda na sifa imepanda nayo. Ukihamisha mkazo ukauweka juu ya "quite" yenyewe, tena kwa kiimbo kinachoshuka kisha kupanda mwishoni, umeshusha, na msikilizaji anabaki akisubiri "lakini". Mara nyingi "lakini" hiyo haitamkwi. Karatasi haiwezi kubeba tofauti hii. Ndiyo maana nasema kwa uzito kwamba "quite good" iliyoandikwa, bila kujulikana nani kaandika, haina maana moja inayoweza kuthibitishwa, na mtafsiri anayeitafsiri bila kuuliza anacheza kamari na maneno ya mtu mwingine.

Kwetu tunaosoma Kiingereza kwa macho ya Kiswahili kuna mtego wa ziada, na upo kwenye ukanushi. Neno letu "kabisa" linafanana na "quite" kwa namna ya kushangaza. "Amepona kabisa" ni ukamilifu, mpaka umefikiwa. "Nzuri kabisa" si ukamilifu wa uzuri bali ni uzuri mwingi, hatua ya pili ya mteremko, palepale alipo Mmarekani. Kwa hiyo katika sentensi za kukubali, "kabisa" humsaidia mtafsiri mara nyingi. Ukija ukanushi, linamgeuka. "Sielewi kabisa" ni kutoelewa hata kidogo. "I don't quite understand" ni kuelewa kwa sehemu kubwa, pamebaki kipande. Kiingereza hapa kinakanusha ukamilifu tu. Kiswahili kinachukua ukamilifu huo na kuuongeza kwenye ukanushi. Mtafsiri anayeandika "sielewi kabisa" mahali pa "I don't quite understand" amemgeuza mtu mwenye adabu aliyeomba ufafanuzi mdogo kuwa mtu aliyetupilia mbali maelezo yote.

Mfano wenye hatari zaidi ni wa hospitali. Ripoti inasema mgonjwa "has not quite recovered". Ukiandika "hajapona kabisa", umeandika Kiswahili sahihi chenye maana mbili: kwamba kupona hakujakamilika, au kwamba hakuna kupona kokote. Kwa mdomo tungetofautisha kwa sauti na kwa kituo. Kwa maandishi, ndugu wa mgonjwa ataisoma kwa hofu yake. "Bado hajamaliza kupona" au "amebakiza kidogo apone" zinaonekana za kawaida mno kwa mtu anayependa tafsiri ya neno kwa neno, lakini ndizo zinazosema kilichoandikwa. "Not quite ready" ni "bado kidogo". "Not quite what I wanted" ni "karibu nilichotaka, ila sicho". Tena Waingereza na Wamarekani wote husema "not quite" kwa maana hiyohiyo moja. Maana kongwe ya ukamilifu, iliyochakaa kwingine, imehifadhiwa ndani ya ukanushi bila kuguswa.

Mengine nayapitia haraka. "Quite a few" haina uchache wowote ndani yake. Ni wengi, au angalau wengi kuliko ulivyotarajia, na anayeifasiri "wachache kiasi" amepotea kabisa. "Quite a bit" na "quite some time" ni za ukoo huo. "Quite" haitangulii vivumishi vya kulinganisha, huwezi kusema "quite taller", isipokuwa "quite better" ya Mwingereza aliyetoka kuugua, yenye maana kwamba amepona na hana salio la ugonjwa. Mbele ya sifa ya juu kuliko zote hupandisha daima: "quite the best" ni bora kuliko vyote, hakuna mjadala. Na Mwingereza akijibu kwa neno hilo peke yake, "Quite", amesema "haswa", "ndivyo", wala hakuna anayeweza kuligeuza liwe nusu ya ndiyo.

Ushauri wangu kwa anayeandika Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu ni mkali kidogo. Katika barua ya kumpendekeza mtu, ripoti ya daktari, tathmini ya mwanafunzi au ya mfanyakazi, usiliweke "quite" mbele ya kivumishi cha ngazi. Kama unataka kupandisha, "very" ipo na haijawahi kumponza mtu. Kama unataka kupunguza, andika "fairly", au bora zaidi taja kinachopungua. Wapo walimu wa uandishi wanaopiga marufuku vielezi vyote vya kutia mkazo, wakisema vinadhoofisha sentensi. Kwa hadithi na mashairi huenda wana hoja. Kwa barua inayoamua maisha ya mtu, "very capable" inayochosha ni salama kuliko "quite capable" inayopendeza. Mbele ya sifa zenye mpaka, kinyume chake, litumie bila woga: "quite unnecessary", "quite separate", "quite right". Huko ni imara na lina heshima yake.

Mitihani nayo irekebishwe. Swali linalompa mwanafunzi "The film was quite good" kisha likamtaka achague kama filamu ilikuwa nzuri sana au nzuri kiasi ni swali lisilo na jibu moja, na kumkata alama aliyechagua moja ya maana hizo ni dhuluma. Mtunzi wa swali aseme msemaji ni nani na anatoka wapi, au alete sentensi yenye ushahidi baada yake, kwa mfano kwamba msemaji alirudi kuitazama tena.

Na kamusi. Nafasi ya mistari minne ingetosha kuliweka neno hili sawa, kila mstari na mfano wake: "quite dead", amekufa kabisa, "quite tired", amechoka sana au amechoka kiasi, "not quite ready", bado kidogo, "quite a few", wengi. Mstari wa pili peke yake ndio unaohitaji alama ya Marekani na ya Uingereza pembeni, maana hiyo mingine mitatu huvuka Atlantiki bila kubadilika.